Skrini Bubu ya Mama Otilia

Siku mliyoniaga kustaafu, kijana mmoja wa chumba chetu alinifuata na sahani ya pilau mkononi akaniuliza kwa nini programu zote nilizowaachia zimeandikwa kinyumenyume. "Mzee Kawanga," akasema, "wewe unaandika kwanza mistari ya kufunga skrini, ndipo unaandika ya kufungua. Ni uzee au ni mtindo?" Nikamwambia ale kwanza, pilau ikipoa mafuta yanaganda. Jibu lake ni refu, na mimi kusimama mbele za watu na maikrofoni siwezi, natetemeka kama mwizi wa kuku. Nimeona niandike.

Vyeo vyangu na mshahara wangu nitaviruka. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili na mshahara mnaujua, maana ndio huo huo mnaopata nyinyi. Nitawaeleza kazi yangu ya kwanza tu, na kosa nililolifanya huko.

Nilianza kazi Songea, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mashirika ya umma yalipokuwa yakijifunza kufa. Shirika letu, jina nalihifadhi, lilisambaza pembejeo mkoa mzima: mbolea, mbegu za mahindi, na dawa ya mikorosho kwenda kwetu Tunduru. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na cheti kimoja, suruali mbili na majivuno ya watu watatu. Nilifika mwezi wa Juni nikiwa na shati la mikono mifupi. Baridi ya Songea ya mwezi wa sita ikanipokea vizuri sana, wiki ya kwanza nilikuwa nafanya kazi nimejifunga shuka la kitandani mabegani.

Kompyuta ilikuwa moja, kubwa kama friji ndogo, imewekwa kwenye kona ya chumba chenye zulia na mapazia mazito. Kutoka kwake zilitoka nyaya tatu, kila waya na skrini yake mezani na kibodi yake. Hakukuwa na picha wala rangi. Kioo cheusi, herufi za kijani, basi. Madereva wa malori wakichungulia dirishani waliiita runinga mbovu, na mmoja alituuliza kwa heshima kabisa kama siku ya mpira wa taifa ataruhusiwa kuja.

Umeme wa mji siku hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa hiyo watu wote wa Songea walikuwa na dawa moja ya kila kitu cha umeme: kikileta wasiwasi, zima ukutani, hesabu mpaka kumi, washa. Dawa hiyo iliokoa friji na redio nyingi, siibezi. Kwa kompyuta yetu ilikuwa sumu. Ukiizima ukutani bila kuiaga, ikiamka inaanza kukagua diski yake kipande kwa kipande, karibu saa nzima, na muda wote huo skrini zote tatu zimekaa kama mawe.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Swai, Mchaga mwembamba mwenye hasira za karibu, aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kuifunga mashine. Alikaa nami wiki sita. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya skrini akaniuliza, "Ukibonyeza A, nani anaiandika hiyo A kwenye kioo?"

"Kibodi," nikajibu.

"Lo! Na cheti wamekupa? Kibodi inapeleka habari tu. Ile mashine ya kwenye kona ndiyo inaamua kuirudisha A uione. Ikiamua isiirudishe, utabonyeza mpaka vidole viote sugu na kioo kitabaki kitupu. Lakini imesikia. Shika hilo. Imesikia."

Hilo ndilo somo zima, ila nitalifafanua kwa ajili ya wale wenzenu waliozaliwa simu zikiwa tayari zinaguswa kwa kidole. Programu inayotaka kutumia skrini nzima, yenye orodha na visanduku vya kujaza, ikianza inaiomba mashine mambo matatu. Acha kurudisha herufi, nitazirudisha mwenyewe. Usimsubiri mtu amalize mstari, nipe kila herufi inapogongwa. Na nifutie kioo, nipange vitu vyangu. Hapo skrini imefunguliwa. Ikimaliza kazi ni lazima irudishe yote matatu kama ilivyoyakuta. Hapo skrini imefungwa. "Ni kuazima jembe," alisema Bwana Swai. "Ukimaliza unalirudisha, tena umekung'uta udongo."

Programu ikifa katikati bila kurudisha, skrini inabaki bubu. Haijaharibika. Inasikia kila kitu ila haisemi, na hata kitufe cha kumaliza mstari kinakuwa hakina kazi. Dawa yake ni kushika Ctrl na kubonyeza J, kuandika maneno mawili, stty sane, halafu Ctrl na J tena. Maneno hayo yanaiambia mashine irudiwe na akili zake za kawaida. Unayaandika bila kuona hata herufi moja. Ukiyapatia, kioo kinazinduka kana kwamba hakikuwa na lolote. Bwana Swai alinifanya niyaandike mara mia moja nimefumba macho, mpaka vidole vikawa vinakwenda vyenyewe. Kisha akapanda basi akaenda zake.

Nikabaki na makarani watatu. Wawili walikuwa vijana wa rika langu, hawana neno. Wa tatu alikuwa Mama Otilia Mapunda, wa umri wa mama yangu mzazi, mjane, anakaa Ruhuwiko na mama yake mzee na binti aliyekuwa kidato cha pili. Alikuwa mpiga chapa kwa miaka mingi. Masista walimfundisha kwa kumfunika mikono kwa kitambaa asiione mashine, na kweli, alipiga chapa akikutazama usoni, anakuuliza habari za nyumbani, na hakosei. Taipureta yake ilipochukuliwa akapewa skrini. Hakulalamika. Aliitandikia kitambaa cha kufuma juu yake, akavuta kiti.

Kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje na baridi hii? Watu wa korosho huku mtakuja kufa."

"Tukifa mtakula nini na togwa?"

Anacheka, anafungua daftari lake. Daftari hilo lilikuwa la hati mkato, ile mikunjo ya makarani wa zamani ambayo kwangu haikuwa na tofauti na njia za siafu. Nilichofanya aliandika, nilichosema aliandika. Nikikohoa, nadhani aliandika. Nilipokuwa najaribu programu yangu nilikaa mezani kwake wiki nzima, kwa sababu vijana wale wawili waliniuliza maswali na yeye hakuniuliza kitu.

Programu yenyewe ilikuwa ya kutoa hati ya mzigo. Dereva analeta barua, karani anatafuta mbolea iko ghala gani na magunia mangapi, mashine inachapa hati, dereva anaionyesha getini. Bila hati gunia halitoki. Niliiandika kwa miezi mitatu na niliiona nzuri kuliko bibi harusi. Ilikuwa na kurasa tatu, moja ndani ya nyingine, na kutoka ulibonyeza 9, tena 9, tena 9, halafu ukathibitisha kwamba ndiyo, kweli unataka kutoka. Hapo kwenye mlango huo wa mwisho ndipo nilipoweka mistari ya kufunga skrini.

Ikaja Novemba. Kwa mkulima wa mahindi, Novemba ndiyo mwaka wenyewe. Mvua iko njiani na mbolea isipofika kabla yake, basi. Malori yakapanga foleni kutoka getini mpaka barabara ya lami, mengine ya Mbinga, mengine ya Hanga, mengine yamekuja kutoka Tunduru siku mbili kwa vumbi. Na hapo ndipo skrini ya Mama Otilia ilipoanza kugoma.

Iligoma saa sita mchana. Si kila siku, ila siku za foleni kubwa haikukosa. Ilikuwa inafanya kazi asubuhi yote, saa sita ikipita tu, akibonyeza hakuna herufi. Mlinzi wetu, Mzee Ndunguru, alikuwa mtu wa kusaidia sana, Mungu amrehemu. Akisikia kompyuta imegoma anakimbia, anazima ukutani, anahesabu kumi kwa sauti, anawasha. Mimi saa hizo sipo. Saa sita kamili nilikuwa natoka kula, kisha napitia msikitini kuswali Adhuhuri. Nikirudi nakuta mashine inakagua diski, skrini zote tatu zimelala, na madereva wako dirishani wanatukana kwa lugha nne.

"Mama, ulibonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, Bwana Rashidi. Nilisimama kusali, nikarudi, ikanigomea."

Niliuliza hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Jibu lilikuwa lile lile. Watu wakaanza kutoa sababu zao. Wengine walisema ni sweta lake la sufu linaleta shoti. Wengine walisema rozari yake ni ya chuma na inavuta umeme. Kijana mmoja wa ghala la nne alisema mashine za kisasa haziwataki wazee, na watu wakacheka, na mimi nilicheka.

Meneja alinitaka niandike taarifa. Nilikagua programu yangu juu juu, kama mtu anavyomkagua mtoto wake mwenyewe, nikaiona haina kosa. Nikaandika: "Tatizo ni mtumiaji." Maneno matatu. Nilijivunia ufupi wake.

Sasa, wiki ile ile ikaja barua kutoka makao makuu. Shirika linapunguza watu, kila chumba kitoe jina. Chumba cha kompyuta tulikuwa wanne, tutoe mmoja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barua mkono mmoja na taarifa yangu mkono wa pili, na hakuhitaji kufikiri sana. Orodha ilikuwa ipelekwe wiki inayofuata, lakini jina la chumba chetu lilikwisha kujulikana mpaka sokoni. Mama Otilia alilisikia kwa muuza nyanya. Akaja kazini asubuhi kama kawaida, nikamwamkia, akaitika marahaba, ila hakuninanga tena kuhusu korosho. Binti yake alikuwa amebakiza miaka miwili ya shule.

Alhamisi nilikuwa na malaria. Nilikuwa nimemeza klorokwini na mwili unaniwasha kama nimelalia upupu, nikashindwa kutoka. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni, nyuma ya kabati la karatasi, najikuna. Foleni ilikuwa kubwa. Mama Otilia alikuwa katikati ya hati ya lori la Hanga kengele ya kanisa ilipolia.

Nikamwona. Hakusita hata kidogo. Kidole chake cha mkono wa kulia kilikwenda juu pembeni kikabonyeza kitufe cha DEL mara moja, bila yeye kuangalia, akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akaanza sala yao ya mchana kwa sauti ya chini. Alifanya vile vile mpiga chapa anavyotoa karatasi kwenye taipureta kabla ya kuondoka mezani. Kwake hiyo haikuwa kubonyeza kitu. Ilikuwa adabu.

Kwenye mfumo wetu ule kitufe cha DEL kilikuwa kinaiua programu pale pale ilipo. Haipiti mlango wa 9, haipiti popote. Na mimi mistari ya kufunga skrini nilikuwa nimeiweka kwenye mlango wa 9 tu. Siku zisizo na foleni Mama alipata nafasi ya kutoka kwa 9 zote, ndiyo maana siku hizo haikugoma.

Akamaliza sala, akakaa, akagonga. Kioo kimya. "Imeanza tena," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. Mzee Ndunguru akatokea mbio mkono umekwisha kunyooka kwenda ukutani.

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Mzee wangu, usiguse hapo!"

Nikamwomba Mama anipishe. Ctrl na J, maneno mawili, Ctrl na J. Kioo kikazinduka. Watu waliokuwa dirishani wakapiga makofi. "Ee bwana, fundi! Ameifufua!" Meneja akaja na yeye, akaambiwa, akanipiga bega mbele ya watu wote akasema, "Unaona sasa? Mmoja anaiua, mwingine anaifufua." Na mimi, nawaambieni ukweli, nilitabasamu.

Watu walipotawanyika nilimwuliza Mama Otilia nani alimwambia atumie kitufe kile. Akashangaa. Akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi mpaka wiki ile niliyokaa mezani kwake, akaweka kidole chini ya mstari mmoja akanisomea. "Kutoka haraka: DEL." Pembeni yake kulikuwa na herufi mbili za kawaida ambazo hata mimi niliweza kuzisoma. R.K. Katibu mzuri huandika nani amesema. Ni mimi, Rashidi Kawanga.

Nikakumbuka yote. Wakati wa kujaribu nilikuwa mvivu wa kupita 9 tatu. Nilikuwa nabonyeza DEL, programu inakufa, skrini inakuwa bubu, na vidole vyangu vinaandika yale maneno mawili vyenyewe, kufumba na kufumbua, wala mwenyewe sijui kama nimeyaandika. Mama Otilia alikuwa anaitazama skrini, anaandika kila alichokiona. DEL aliiona kwa sababu nilinyoosha mkono kuifikia. Yale maneno mawili hayakutokea kwenye kioo, angeyaandikaje? Aliona fundi amebonyeza kitufe kimoja na skrini iko salama. Alikuwa ananiiga mimi.

"Kuna nini, baba?" akaniuliza. "Nimekosea kuandika?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Umeandika sawa."

Na sikusema zaidi ya hapo.

Nilitakiwa niende kwa Meneja dakika ile ile, ofisi yake ilikuwa hatua ishirini. Sikwenda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza nimepigiwa makofi, na barua ya kupunguza watu iko mezani kwa mtu. Nikajiambia nitengeneze kwanza. Programu ikipona skrini haitagoma, Meneja ataona mwenyewe kwamba Mama Otilia hana tatizo, atamwondoa kwenye orodha bila mtu kusema kitu. Ukweli utajisema wenyewe. Mtu mwoga hana shida ya kupata maneno mazuri, nawaambieni.

Ijumaa nilijikongoja kazini na homa yangu, nikamwomba tu asitumie kitufe kile mpaka nimwambie. Jumamosi asubuhi, makarani walipokuwa ghalani kuhesabu, nikaitengeneza. Mistari sita. Niliiambia programu kwamba vyovyote itakavyokufa, iwe kwa DEL, iwe kwa waya kuchomoka, iwe kwa kosa langu mwenyewe, ipite kwanza kwenye mistari ya kufunga ndipo ife. Nikaijaribu mara ishirini. Kila mara skrini ilirudi safi. Nilitoka pale roho imetulia, nikanunua mihogo ya kukaanga, nikala.

Jumatatu asubuhi Mzee Ndunguru alinisimamisha getini. Nilimwamkia, akaitika, akasogea karibu.

"Ijumaa ulikuwa msikitini," akasema. "Hukuyaona."

"Kuna nini?"

"Yule mama alikwenda kwa Meneja. Mlango ulikuwa wazi. Alipiga magoti, Rashidi, pale kwenye saruji, mama mtu mzima. Anasema, baba, nisamehe kwa kuharibu mashine ya serikali. Anasema, kama ni ile sala inayoniletea makosa, basi nitaacha kusali kazini. Mimi nikatoka nje, nilishindwa kuangalia."

Mimi niliona haya ambayo sijawahi kuona maishani, kabla wala baada. Mama wa umri ule amepiga magoti kwa kosa langu, na siku ile anapiga magoti mimi nilikuwa najua.

Sikupita chumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja, nikasimama, hata hodi sikumbuki kama nilipiga. Nikamwambia yote: DEL, daftari, herufi mbili, mistari sita ya Jumamosi. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anazungusha kalamu.

"Kwa hiyo ile taarifa uliyoniandikia?"

"Ni ya uongo, mzee. Sikujua kama ni ya uongo nilipoiandika. Tangu Alhamisi nilijua."

"Tangu Alhamisi."

"Ndiyo, mzee."

Akaweka kalamu chini. Akasema twende nikamwonyeshe. Tulipoingia chumbani Mama Otilia alisimama wima kama mwanafunzi, mikono imeshikana. Meneja akamwambia kwa upole, "Mama, kaa. Fungua hati, kisha toka kama unavyotoka wewe ukienda kusali."

"Sitarudia tena, baba."

"Rudia. Mimi nimekuomba."

Akabonyeza DEL huku amefumba macho. Alipofumbua, kioo kilikuwa safi na alama ya kijani inawaka kwenye kona, inamsubiri. Akagonga herufi moja, ikatokea. Akagonga nyingine. Akageuka akanitazama. Mbele ya Meneja na makarani wale wawili nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, kwamba yeye aliniiga mimi na mimi nilimwachia mzigo. Nikamwomba radhi. Alivua miwani akaifuta kwa kanga, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Meneja aliniuliza kitu kimoja tu wakati tunatoka. "Sasa imepona kabisa?"

"Imepona."

"Haitasumbua tena?"

"Haitasumbua, mzee."

"Vizuri. Niandikie hatua zote za kuiendesha, kuiwasha asubuhi na kuizima jioni. Mpe huyo mama."

Niliona ni dalili njema. Niliandika kurasa kumi na mbili, kwa furaha, na yale maneno mawili nikayaweka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Mama Otilia akazihamishia kwenye daftari lake siku mbili. Siku ya tatu aliifungua mashine peke yake asubuhi na kuifunga peke yake jioni, mimi nimekaa tu pembeni na chai. Akaanza na kuninanga tena. "Mwali wa Tunduru leo hana kazi," akasema, na tukacheka wote.

Orodha ilibandikwa ubaoni wiki iliyofuata, asubuhi, karibu na geti. Nilikuta watu wamejaa, nikasoma kwa juu ya mabega yao, nikarudi nyuma kidogo nikasimama. Mama Otilia akaja akitembea haraka, kanga imemtoka begani. Watu wakampisha. Akavaa miwani, akaweka kidole juu ya karatasi, akaanza kushuka polepole. Orodha ilipangwa kwa herufi. Alikuwa anaitafuta M ya Mapunda, lakini kidole hakikufika. Kilisimama kwenye K.

Akageuka akanitafuta mpaka akaniona.

"Rashidi. Hii ni nini?"

"Ni mimi, Mama."

"Si ulisema umeshaitengeneza?"

"Nimeitengeneza, Mama. Ndiyo maana."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia pale pale mbele ya madereva. Mimi sikulia. Nililia baadaye kidogo, kwenye basi la Tunduru, nimegeukia dirishani.

Mkiniuliza kama nilijuta kupoteza kazi, nilijuta. Miezi minne nilikaa kwa shangazi yangu nikichagua korosho, na kila gunia nililijutia. Kisha nikapata kazi kwingine, kisha kwenu, na kila programu nikaianza kwa mistari ya kufunga, yakapita. Ila ile Ijumaa haijapita. Ningefungua mdomo Alhamisi, ningefukuzwa vile vile, na yule mama asingepiga magoti.